Jirani Alinisemea

Kundi letu la simu, la tuliosoma pamoja chuoni, lilikuwa limelala karibu miaka miwili. Watu waliamka siku ya Idi na siku ya Krismasi, wakatuma picha za maua na mishumaa, kisha wakarudi kimya. Mwaka huu kiongozi wetu wa darasa, ambaye kuhitimu hakukumvua uongozi, akaleta utaratibu. Kila Jumapili mmoja wetu aeleze yuko wapi na anafanya nini. Tufuate namba za mtihani, zilezile zilizobandikwa kwenye madawati ya ukumbini. Atakayekaa kimya mpaka magharibi, jirani yake mwenye namba iliyotangulia atamsemea.

"Ili asipotee mtu," aliandika.

Wengine walijibu kwa vicheko na vidole gumba. Mimi nilihesabu Jumapili kwenye kalenda ya duka la pembejeo iliyoning'inia ukutani kwangu Handeni, nikaona nina miezi minne na wiki moja. Mtu mwingine angesahau mpaka zamu yake ifike. Mimi nilianza kuandika jioni ileile.

Hali yangu ilikuwa ya kuelezeka kwa sentensi moja: nimemaliza stashahada ya maendeleo ya jamii, sijaajiriwa bado, najitolea katika ofisi ya kata huku nikituma maombi. Ni sentensi ya kawaida. Nina hakika vijana wengi wamewahi kuiandika na wakaendelea kula chakula chao. Lakini kila nilipoitazama kwenye kioo cha simu niliona neno linalohitaji kufafanuliwa. "Sijaajiriwa" lilisikika kama namlaumu mtu. "Najitolea" lilisikika kama najisifu kwa wema ambao sina, maana ningepewa mshahara ningeupokea asubuhi hiyohiyo. "Bado" ndilo lililonisumbua kuliko yote. Nililiweka, nikalitoa, nikalirudisha, nikafuta sentensi nzima.

Na kazi yangu ni kuandika habari za watu. Vikundi vya kina mama wanaofuga kuku na vya vijana wanaofyatua matofali huja ofisini na madaftari yao, nami hukaa nao kwenye benchi la nje na kuwaandikia taarifa ya maendeleo. Taarifa ina vichwa vitatu: mafanikio, changamoto, matarajio. Kuku wakifa kwa mdondo wakabaki sita, naandika kwamba kikundi kimefanikiwa kubakiza kuku sita na kimetambua umuhimu wa chanjo. Nikiwasomea wanacheka.

"Wewe mtoto," mwenyekiti wa kikundi kimoja aliniambia, "ukiniandika wewe, hata mimi najipenda."

Nilirudi chumbani siku hiyo nikajaribu kujiandika kwa vichwa vitatu. Chini ya mafanikio niliandika kwamba nina afya. Nikafuta, kwa sababu wiki ile nilikuwa na mafua.

Sasa nimtaje jirani. Ni kijana wa Bungu, kule juu milimani, na mimi ni wa bondeni, Old Korogwe, karibu na mto. Chuo chetu kilikuwa mbali sana na kwetu, na kule ugenini, kutoka wilaya moja kulitufanya tuwe kama tuliozaliwa nyumba moja. Kwenye mitihani yote alikaa mbele yangu kwa namba moja. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita jirani, nami nikamwita jirani, na hata walimu walizoea.

Tulipomaliza alikuwa akinipigia. Miezi michache baada ya mimi kuanza kujitolea alipiga akauliza, "Jirani, uko wapi siku hizi?"

"Niko Handeni. Ofisi ya maendeleo ya jamii."

"Umepata?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nakumbuka kabisa ukubwa wa nafasi hiyo. Lakini nilitaka kusema hapana iliyo sahihi, yenye maelezo yake, isiyomfanya anionee huruma. Nikiwa bado naipanga nikasema, "Ndiyo nipo, nimeanza juzi tu."

"Hongera, jirani. Hongera sana. Ngoja nimwambie mama."

Nikamsikia akipaza sauti kwa Kishambaa, na kwa mbali mwanamke akajibu akicheka kwa furaha. Nikaacha. Nilijiambia nitamweleza siku nyingine, vizuri, kwa mpangilio. Lakini kila aliponipigia baada ya hapo, niliona kwamba kabla ya salamu nitapaswa kurekebisha lile jambo, na sikuwa tayari. Nikawa napokea simu moja nikiacha mbili. Baadaye nikawa sipokei. Baadaye akaacha kupiga, nami nikajikuta natazama simu saa ambazo alizoea kupiga.

Kwa kuwa namba yake inatangulia yangu, Jumapili yake ilikuwa wiki moja kabla ya yangu. Aliandika asubuhi na mapema, kabla kiongozi hajamwita.

"Ni mimi. Niko nyumbani Bungu. Baba alifariki mwaka jana na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo nimerudi shambani. Nalima karoti, hoho na viazi. Jumamosi nashusha sokoni Korogwe. Cheti kiko kabatini, panya hawajakiona. Salamu kwa wote."

Basi. Mtu amefiwa na baba, ameacha aliyoyasomea, ameyasema yote na akatia mzaha juu. Nilisoma mara nyingi. Sikuwa nimejua kwamba baba yake amefariki. Nikaandika, "Pole sana jirani." Nikaona ni kavu. Nikaongeza kwamba sikupata habari. Nikaona kwamba ataniuliza kwa nini sikupata habari, na jibu lake ni kwamba sikupokea simu. Nikafuta. Wenzetu walikuwa tayari wamemimina pole zao, na kila dakika iliyopita iliifanya yangu ionekane ya mtu aliyesukumwa. Mpaka adhuhuri nilikuwa sijatuma. Mpaka jioni niliona bora nimwandikie peke yake, kwa kirefu, kesho. Sikuandika.

Jumapili yangu ikafika. Kiongozi wa darasa akaniita kwa namba saa tatu asubuhi, kama alivyokuwa akiita mahudhurio zamani. Nilijibu kwa alama ya saa ya mchanga, maana yake nisubirini. Watu wakacheka. Nikaandika. Nikafuta. Nikaenda kwenye kioski cha maji na madumu yangu mawili, nikapanga foleni, nikaandika nikiwa kwenye foleni. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Dada, sogea. Hayo mapenzi utayamalizia nyumbani." Nikasogea. Nilipofika chumbani nilikuwa na aya nne na hakuna hata moja niliyoipenda. Adhana ya magharibi ilinikuta nimeshika simu.

Hazikupita dakika tano.

"Jirani yangu si mtu wa maneno mengi, mnamjua," jirani aliandika. "Yuko Handeni, ofisi ya maendeleo ya jamii. Amepata kazi ileile tuliyoisomea. Katika safu yetu ya madawati sijasikia mwingine aliyeipata, basi huyu ameipata kwa niaba yetu. Tumpongeze."

Hongera zikaanza kushuka. Sikujua kwamba watu wengi kiasi kile walikuwa bado wamo kwenye kundi. Mmoja akaandika, "Usitusahau, bosi." Mwingine akasema alikuwa anajua tangu mwaka wa kwanza. Kiongozi wa darasa akaandika kwamba itapendeza nikienda chuoni kuzungumza na wadogo zetu wanaomaliza, niwaeleze njia niliyopita.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo siwezi kumtupia mtu. Nilituma viganja viwili vilivyounganishwa, na chini yake neno moja: "Asanteni."

Miezi minne sikuweza kuandika sentensi moja, na neno hilo niliandika kwa sekunde moja.

Wiki iliyofuata nilikwenda kazini kama kawaida. Niliandika taarifa ya kikundi cha mizinga ya nyuki. Nilichonga penseli. Nilikuwa nikijitetea kwa njia zote. Kwamba hakuna aliyeumia. Kwamba ajira yaweza kutoka kesho na maneno yakawa kweli. Kwamba nikisahihisha, nitakuwa nimemfanya jirani mwongo mbele ya darasa zima, yeye ambaye hakusema ila alichoambiwa. Hoja hii ya mwisho niliipenda, kwa sababu ilifanya ukimya wangu uwe hisani. Niliishi nayo mpaka Alhamisi. Alhamisi nikaona kwamba siku moja ukweli utajulikana, mtu atapita Handeni aniulizie ofisini, na watakaporudi kusoma kundi, jina lililo juu ya uongo ule ni lake. Langu liko chini, limesema asante tu.

Jumamosi asubuhi nilipanda gari la kwenda Korogwe. Mama alijua naja. Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja sokoni.

Nilimkuta upande wa mboga, ameketi juu ya gunia tupu, viatu vyake vya mpira vimejaa udongo mwekundu wa kule juu. Alikuwa amekonda. Mbele yake palikuwa na karoti, na alikuwa akizifunga mafungu kwa kamba za mgomba.

"Jirani," nilisema.

Aliinua kichwa, akanitazama, akacheka. "Bosi wa Handeni. Karibu, karibu. Angalia usikanyage hoho."

Mama aliyekuwa akiuza nyanya pembeni yake aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye huyu?"

"Si huyo unayemwaza, mama," jirani akasema. "Huyu tulikaa naye chumba kimoja cha mtihani."

"Mtihani gani, na wewe unauza karoti?"

"Wa kuuza karoti. Nilifaulu."

Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Na mwenzio?"

"Mwenzangu yuko ofisini. Anakalia kiti kinachozunguka."

Nilisimama pale nikisikia nikisifiwa kwa kiti ambacho sikuwahi kukikalia. Nikamwambia nina neno, tusogee kando.

"Hapa ndipo nilipo, jirani. Nikiondoka, wateja nao wanaondoka."

Basi nikachuchumaa mbele ya karoti, nikamweleza kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimeandaa utangulizi ndani ya gari, ukanipotea. Nilisema tu kwamba sijaajiriwa, kwamba sijawahi kuajiriwa, kwamba siku ile aliponipigia nilimwacha aamini.

Hakuacha kufunga. Alimaliza fungu moja, akaliweka, akachukua kamba nyingine.

"Tangu siku ile."

"Tangu siku ile."

"Na mimi nimesema mbele ya watu wote."

"Ndiyo."

"Na wewe ukasema asanteni."

Mteja alikuja akauliza hoho, akahudumiwa, akaondoka. Mama wa nyanya alikuwa amegeuka upande wa pili, kwa adabu, ingawa sidhani kama lilimpita neno.

"Baba alipofariki nilikupigia mara mbili," jirani alisema. "Siku ya kwanza, na siku ya mazishi asubuhi. Mama aliniuliza, yule mwenzio wa Handeni vipi? Nikamwambia yuko kazini, ofisi zina mambo mengi. Nikakutetea."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kuchekwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Pole kwa baba," nilisema.

"Asante," alijibu, kwa sauti aliyotumia kwa yule mteja wa hoho. Halafu akasema, "Mimi sitaandika kitu. Nilisema nilichokijua. Andika mwenyewe."

Nilisimama. Nilimuaga, akaitikia, akaendelea na kazi. Hakunipa hata karoti moja ya kupeleka nyumbani, na kwa mtu wa Bungu hilo ni neno zito. Mtu wa Bungu humpa hata anayeuliza njia.

Nyumbani mama alikuwa uani, anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda na kutoa simu. Nilipoishika muda mrefu akaniuliza, "Mbona umeishika kama yai?"

"Naandika habari zangu."

"Kwa nani?"

"Kwa niliosoma nao."

"Wanazitaka?"

Katika yote niliyowahi kuyafikiria, na nilikuwa nimefikiria mengi, swali hilo halikuwemo.

"Sijui, mama."

"Basi andika wasome wanaotaka. Halafu uje unisaidie hapa, mikono inaniuma."

Niliandika hivi: "Ndugu zangu, Jumapili iliyopita jirani yangu alinisemea vizuri kuliko hali yangu ilivyo. Alisema alichoambiwa, na aliyemwambia ni mimi. Sijaajiriwa. Najitolea katika ofisi ya kata Handeni, nawaandikia watu taarifa, naomba kazi na sijaitwa. Niliposema asanteni nilikuwa najua si kweli. Jirani hana kosa. Naomba radhi kwenu, na kwake zaidi."

Sikuusoma ujumbe mara ya pili. Nilituma, nikaweka simu juu ya ukingo wa dirisha, nikaenda kwenye mahindi.

Nilidhani kwamba nikisharudi kwenye simu nitakuta dunia imebadilika upande mmoja au mwingine. Nilikuta pole saba. Mmoja alisema Mungu atafungua milango. Yule aliyejua tangu mwaka wa kwanza hakusema kitu. Kiongozi wa darasa aliandika, "Asante kwa taarifa," kama anayepokea barua, na suala la kwenda kuzungumza na wadogo zetu halikutajwa tena na yeyote. Kesho yake ilikuwa zamu ya namba inayofuata, dada aliyeolewa Morogoro, akaleta picha ya mtoto. Watu wakahamia kwa mtoto. Ujumbe wangu ukasogea juu, ukatoka kwenye kioo. Nilikuwa nimeuogopa kwa miezi minne, na uliishi mchana mmoja.

Jirani alikuwa ameusoma. Niliangalia, nikaona ameusoma ndani ya saa ileile. Hakuandika kitu.

Nilirudi Handeni Jumatatu. Ilikuwa kavu, vumbi la barabara limelala juu ya madaftari ya watu hata yaliyo ndani. Jioni za wiki ile zilikuwa ndefu. Mwanzoni nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilijisikia kama chumba kilichotolewa vitu: sauti yangu mwenyewe ilikuwa ikirudi. Uongo ule ulikuwa umenishughulisha sana. Sasa nilikuwa napika, nakula, naosha sahani moja, na bado ni saa moja.

Jumatano mchana jirani alinipigia. Nilikuwa kwenye benchi na mama wa kikundi, nikapokea hata sijaomba ruhusa.

"Nimesoma," alisema.

"Najua."

"Umeandika refu."

"Nilifupisha."

"Mimi ningekusemea kwa mstari mmoja." Nikasikia anatembea, majani yanagusa nguo. "Mama nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema ukija tena sokoni usiishie pale chini. Upande uje umpe pole yake."

"Nitakuja. Na wewe unasemaje?"

"Mimi bado nimekasirika, jirani."

"Sawa."

"Lakini ukipiga nitapokea. Mimi huwa napokea."

Alikata. Mama wa kikundi alinitazama, akaniuliza kama ni msiba. Nikamwambia ni msiba wa zamani. Akasema pole, akasubiri mpaka nilipoweza kushika kalamu.

Jumapili nilimpigia. Iliita mpaka ikakatika. Niliorodhesha sababu kama kawaida yangu: yuko kanisani, simu iko kwenye chaji dukani, yuko shambani, amebadilisha mawazo, mama yake amebadilisha mawazo, aliyosema Jumatano aliyasema kwa adabu tu. Nilifika sababu ya tisa. Halafu, bila kuwa nimeamua, nikapiga tena.

Akapokea. "Haloo, jirani. Nilikuwa naingiza magunia ndani." Nyuma yake mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, ilibidi apaze sauti.

Sikuwa nimeandaa la kusema. Nikamwambia kwamba huku Handeni haijanyesha.